Mkono wa Kupokelea

Mtoto asiyejua kupokea mimi simpi kitu. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyoliendesha benchi langu pale kituoni kwa miaka sita. Ukininyooshea mkono mmoja kama unataka kuninyang'anya, nitakuangalia tu mpaka uone haya. Mkono wa kulia mbele, wa kushoto chini ya kiwiko, kichwa kiiname kidogo, hapo ndipo tutaelewana. Huku kwetu kwenye baridi hakuna aliyewahi kuniambia nimekosea. Akina mama walinisifia. Walisema watoto wa Sista Veridiana, hata hao wenye mtindio wa ubongo, wanapokea kitu utadhani watu wazima na familia zao.

Kazi yangu ilikuwa kupima mikono. Mtoto aliyezaliwa na mtindio wa upande mmoja aliletwa kwangu akiwa na miezi minne. Kila Jumanne mama yake aliketi naye kwenye mkeka akafanya mazoezi niliyomwelekeza: kumwekea njuga kwenye kiganja, kulitoa dole gumba lililojikunja ndani ya ngumi, kumpa kitu upande ule mbovu ili asiusahau. Alipotimiza miezi kumi na minne tulimketisha mbele ya Meza. Ni meza kweli, ya mbao nyeupe, kimo cha magoti ya mtu mzima, ila pembeni ina macho kumi na sita na inahesabu kila kidole. Mimi natoa kitu kiganjani mwangu, mtoto anapokea, Meza inatoa alama. Mkono mzima ni alama ishirini na nne. Ukipata tisa au zaidi, mkono unaendelea na mazoezi mpaka mtoto atimize miaka mitano. Ukipata chini ya tisa, mkono unafungwa.

Lukelo alipata sita.

Mama yake, Yusta, alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, mfungashaji wa maparachichi, mkimya, mwenye kuja Jumanne zote bila kukosa hata ile ya matope iliyoangusha daraja. Alikuwa amemvalisha mtoto sweta la kijani la kufuma lenye mikono iliyokunjwa ili vidole vionekane. Nilimpenda Lukelo kwa sababu moja tu: katika watoto wote wa mwaka ule, yeye ndiye aliyeshika adabu mapema kuliko wote. Nilimnyooshea njuga. Akautoa mkono wake wa kulia, ule mgonjwa, polepole kama anayeutoa kwenye gunia, akapeleka wa kushoto chini ya kiwiko, akainamisha kichwa chake kikubwa kile, akapokea. Nikamwambia asante baba. Nikampa kikombe, akafanya vilevile. Nikampa kijiko, mpira wa nyuzi, kipande cha mbao, vitu kumi na viwili kwa jumla, na mara kumi na moja alipokea kama nilivyomfundisha. Nilikuwa nimejaa fahari hata sikuangalia namba.

Meza ina sauti ya mama mpole. Ikasema mkono wa kushoto ishirini na tatu, mkono wa kulia sita, pendekezo ni kufunga.

Yusta hakulia. Alisema kuna makosa, kwamba nyumbani Lukelo anachambua maharage kwenye mkeka, moja moja, kwa mkono huo huo wa kulia. Nikamwambia kila mama anayeketi pale mtoto wake anachambua maharage. Nilimwambia kwa sauti ya kumkata kauli, maana foleni ilikuwa ndefu, na maneno hayo nilikuwa nimeshayasikia mara hamsini na nane.

*

Nieleze kufunga ni nini, usije ukadhani ni kukata.

Mtoto mchanga anazaliwa na njia nyingi kutoka kichwani kwenda mkononi kuliko anazohitaji. Pande zote mbili za ubongo zinagombania mkono mmoja, na inayotumika zaidi ndiyo inayobaki. Upande ukiwa umeumia wakati wa uzazi, njia zake ni dhaifu, nazo zinarudi nyuma mwezi hadi mwezi, mpaka mkono unabaki na ngumi tu. Ndiyo maana tunawahi na njuga tangu mwezi wa nne. Mazoezi ni kuililia ile njia isijifute. Sasa wataalamu wakagundua kwamba katika mwezi wa kumi na nne unaweza kumvalisha mtoto kofia, na ndani ya dakika arobaini ukazizima njia zote zilizobaki za mkono dhaifu, na sehemu yake ndani ya kichwa ikagawiwa ulimi na mkono wa pili. Inafanya kazi, sitaki kusema uongo. Waliofungwa walisema maneno mapema. Mkono wao wa kushoto ulikuwa mwepesi kuliko wa mtu aliyezaliwa mzima. Wa kulia ulining'inia tu, hauumi, haujui moto wala baridi. Kuna binti mmoja wa kwangu, Sigilinda, aliuacha kwenye sufuria ya uji unaochemka huku akiongea na nyanya yake, wala hakukatisha hadithi.

Sheria haikumpa mzazi nafasi ya kukataa. Yupo mama aliyekimbilia kwao na mtoto mgongoni. Walimrudisha wakiwa wamemshika huku na huku, na mkono ukafungwa siku hiyohiyo. Mimi niliona ni sawa. Niliamini namba za Meza, na niliamini kwamba huruma ya mama ndiyo inayowaharibia watoto maisha.

*

Baada ya Lukelo kupimwa, Yusta alikaa koridoni kungojea barua. Nilitoka kwenda kunawa, na nikirudi nikawapita. Mtoto alikuwa ameketi sakafuni, hakuna aliyekuwa akimwangalia, na mbele yake kulikuwa na kifuniko cha soda. Akanyoosha mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umeshika sketi ya mama yake. Vidole vilifunguka vikitetemeka, dole gumba likatoka, likakutana na kidole cha shahada, na kile kifuniko kikanyanyuka kutoka sakafuni kwenda mdomoni. Yusta akampokonya bila hata kumtazama, kama mtu aliyeshazoea.

Nilisimama pale na maji yakinichuruzika mikononi. Kubana kwa dole gumba na kidole cha shahada peke yake ni alama nne. Mtoto wa alama sita hafanyi hivyo.

Niliporudi chumbani nilimkuta Osmundi, fundi wa Meza, akiyafuta macho ya Meza kwa kitambaa. Osmundi ni mtu wa makamo, ndevu zimeanza mvi, mpole kupita kiasi. Nilikuwa namuudhi kila siku na hajawahi kunijibu. Safari hii alikuwa ametoa karatasi ya sababu. Ieleweke kwamba Meza hutoa namba tu. Ukitaka sababu unaiomba, na mimi katika miaka sita sikuwahi kuomba sababu, nikiona ni kazi ya wapimaji wasiojiamini. Kwenye karatasi iliandikwa: msaada wa mkono mzima, mara kumi na moja kati ya kumi na mbili.

Nikamuuliza msaada maana yake nini. Osmundi aliweka kitambaa chini, akanyoosha mkono wake wa kulia kwangu, akauweka wa kushoto chini ya kiwiko, akainamisha kichwa.

Walioitengeneza Meza hawakutoka kwetu. Kwao mtoto anapokea anavyotaka. Meza ikiona mkono mzima umekuja chini ya kiwiko cha mkono mgonjwa, inaelewa jambo moja tu, kwamba mkono mgonjwa hauwezi kunyanyuka wenyewe na unabebwa. Inaandika sifuri. Mtoto akipokea kwa adabu mara kumi na moja, anapata sifuri kumi na moja, na inabaki ile moja tu ya kuhesabiwa.

Nilitoka mbio koridoni nikamuuliza Yusta ni nani aliyemfundisha mtoto kupokea vile, nyanya yake, majirani, nani. Nilikuwa natafuta mtu wa kumgombeza. Yusta alinitazama kama anaogopa kwamba amekosea.

"Si wewe, Sista? Ulinishika mikono yangu mwenyewe, ukasema mtoto asiyejua kupokea hapimwi hapa."

*

Siku ile nilijifungia stoo nikafungua majalada. Katika miaka sita nilikuwa nimefunga mikono hamsini na nane. Niliomba sababu ya kila mmoja, na karatasi zikatoka moja moja. Kumi na saba walikuwa na mikono iliyokufa kweli. Arobaini na mmoja waliandikiwa msaada. Sigilinda alikuwa wa tatu kwenye orodha. Nilimkumbuka vizuri sana siku ya kipimo chake, kwa sababu nilikuwa nimemwita mpishi aje aone jinsi mtoto wa miezi kumi na minne anavyopokea.

Nilikuwa na njia mbili za kumwokoa Lukelo.

Ya kwanza ni pingamizi. Mpimaji anasimama mbele ya Meza na kutaja sababu kwa mdomo wake. Meza inaichunguza, na ikiwa kweli, inaipeleka kwenye meza zote za nchi na kupekua majalada yote ya mpimaji yule. Lukelo angepona. Na kila mama wa wale arobaini na mmoja angeamka kesho yake akijua.

Ya pili ni marudio. Mpimaji ana haki ya kurudia kipimo mara moja, ndani ya siku saba, wala haulizwi kwa nini. Kile cha kwanza kinafutwa kabisa, picha na namba, ili Meza isiwe na upendeleo. Hakuna anayeshtuka, maana watoto hurudia kwa sababu ya homa, meno, usingizi.

Nilichagua marudio. Nilijiambia mengi usiku na mchana kuhusu uamuzi ule, kwamba wale arobaini na mmoja hawarudi tena, kwamba kuwaambia mama zao ni kuwachoma bure, kwamba kituo kingefungwa na watoto wangebaki bila njuga. Baadhi ya hayo ni kweli. Lakini sababu yenyewe ni kwamba niliogopa, na nilikuwa na jina zuri.

Osmundi aliniomba nisifanye. Alisema picha ya Jumanne ndiyo shahidi pekee wa yule mtoto, na nikiifuta sitaipata tena. Alisema yeye mwenyewe atasimama nami. Nikamjibu kwamba yeye ni fundi, afute macho. Akafuta macho. Mimi nikabonyeza marudio, na kipimo cha Jumanne kikafutika.

*

Shida ilikuwa ndogo, nilivyoona. Mtoto aliyefundishwa adabu kwa miezi kumi afundishwe kuisahau kwa siku sita.

Nikamlaza Yusta na mwanawe kwenye bweni la akina mama. Nilimwambia ukweli nusu, kwamba Meza haipendi mkono wa kushoto ukija chini ya kiwiko, kwa hiyo tumwachishe. Sikumwambia habari ya wengine. Yusta alifurahi sana, akanishukuru, akaniuliza tuanzeje. Kumshika mkono wa kushoto wakati wa kipimo hairuhusiwi, Meza inakataa mtoto aliyeshikwa. Ilibidi aache mwenyewe. Siku ya kwanza tulijaribu kumpa kitu kwa mchezo, kwa kumchekesha, kwa kumpa ghafla. Alicheka, na kila alipomaliza kucheka alipeleka mkono wa kushoto chini ya kiwiko akainamisha kichwa. Nilikuwa nimemfundisha vizuri.

Siku ya pili nikaanza kumfinya.

Sikumfinya kwa hasira. Kila mkono wa kushoto ulipokuja chini ya kiwiko, niliubana ngozi ya juu kwa kucha mbili, kidogo, nikamwambia hapana. Alinitazama. Hakulia mara ya kwanza, alidhani nimekosea. Akapokea tena, vizuri zaidi, akainamisha kichwa chini zaidi, kama anayesema basi labda haikutosha. Nikamfinya tena. Hapo akalia. Yusta alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha kichwa amekishika mkononi. Nikamwambia kwa ukali atoke au anisaidie, kwani siku zilizobaki zilikuwa nne.

Akaingia, akanisaidia.

Hilo ndilo ninaloshindwa kulimeza mpaka leo. Nilimpa kazi ile mama yake. Alimfinya kidogo mno, nikamwambia kwa namna hiyo hatasikia, afinye kama anayetaka asikie. Akafinya huku machozi yanamtiririka na huku akimwambia pole baba, pole baba. Siku ya tatu mgongo wa mkono wa kushoto ulikuwa na alama nyekundu kama za kuumwa na kunguni. Siku ya nne mkono wa kushoto haukuja tena. Lukelo alipokea kijiko kwa mkono wa kulia peke yake, ukitetemeka, vidole vikafunguka, vikashika. Nilipiga makofi. Yusta akapiga magoti akanishika miguu. Nikaenda kumtafuta Osmundi nikamtania kwamba ufundi ni wa mashine, watoto ni wangu. Aliniuliza kama mtoto amecheka alipokipokea kile kijiko. Nikamwona ana wivu.

Siku ya tano Lukelo alisita kabla ya kupokea. Nilidhani amechoka. Siku ya sita nikampumzisha.

*

Jumanne asubuhi kulikuwa na ukungu na chumba kilikuwa baridi. Nilimpasha mikono yote miwili kwa kuipulizia. Tukamketisha kwenye kiti chake kidogo mbele ya Meza, sweta lilelile la kijani, Yusta nyuma yake, Osmundi pembeni kwenye swichi. Meza ikatusalimia. Nikaweka njuga kiganjani mwangu nikamnyooshea.

Lukelo aliitazama njuga. Aliitaka, niliona alivyoitaka. Halafu akaangalia vidole vyangu, si njuga, vidole, zile kucha mbili. Akaiondoa mikono yake yote miwili juu ya Meza, akaificha chini ya mapaja, akaikalia.

Nilimwita jina. Nilicheka naye. Nikaweka njuga chini, nikamnyooshea kikombe. Kisha kijiko. Kisha mpira. Yusta alikuwa anamnong'oneza pokea baba, pokea tu, hakuna wa kukufanya kitu, na sauti yake ndiyo iliyozidi kumtisha, maana sauti hiyo ndiyo iliyokuwa ikimwambia pole. Vitu kumi na viwili vilikuja mbele yake na vikaondoka. Hakulia. Alikaa ameinamisha kichwa, adabu hiyo ilikuwa imebaki, amekalia mikono yake mpaka mwisho.

Meza ikasema mkono wa kushoto sifuri, mkono wa kulia sifuri. Kwa kuwa wa kushoto ulishajulikana ni mzima kwenye mazoezi ya awali, pendekezo ni kufunga wa kulia. Kisha ikauliza, kama inavyouliza kila mara na kama nilivyoijibu hapana mara hamsini na nane:

"Mpimaji ana pingamizi? Una sekunde tisini."

Osmundi hakunitazama. Yusta ndiye aliyenitazama, kwa imani kabisa, kama mtu anayengojea daktari atoe dawa mfukoni. Nilihesabu sekunde. Nilifika hamsini nikiwa bado natafuta njia ya kumwokoa mtoto na kujiokoa mwenyewe, na haikuwepo.

"Ninalo," nikasema.

Nikaieleza Meza yote. Kwamba huku kwetu mkono wa kushoto chini ya kiwiko ni heshima, si msaada. Kwamba mimi ndiye niliyewafundisha watoto hao, mmoja mmoja, kwa miaka sita, kwa kuwa nilipenda kuheshimiwa. Kwamba Lukelo Jumanne iliyopita alipokea kwa mkono wake mwenyewe mara kumi na moja, nikaona kwa macho yangu. Kwamba watoto arobaini na mmoja walifungwa mikono kwa ajili hiyo. Yusta aliposikia neno arobaini na mmoja aliketi sakafuni.

Meza ilifikiri kwa muda mfupi sana. Ikasema sababu imepokelewa na inaelekea kuwa ya kweli, na itapelekwa kwenye meza zote. Ikasema imetafuta ushahidi wake katika kipimo cha mtoto huyu. Leo mkono wa kushoto haukwenda chini ya kiwiko hata mara moja, hivyo sababu haimhusu. Kipimo cha kabla ya hapo kilifutwa kwa ombi la mpimaji. Osmundi akasema kwa sauti kwamba na yeye aliona, yuko tayari kuapa. Meza ikamjibu kwa upole uleule kwamba inapokea kilichoonwa na Meza. Marudio ni mara moja tu. Mtoto atatimiza mwisho wa umri wa kufungwa siku ya Ijumaa.

Halafu ikaendelea, kwa sababu hakuna aliyeiambia inyamaze.

"Majalada mengine yenye sababu hii ni arobaini na moja. Mikono iliyofungwa haifunguliki. Taarifa zimeshatumwa kwa wazazi."

Simu ya kituo ilianza kuita kabla hatujamtoa mtoto kwenye kiti. Niliiacha iite. Osmundi alikwenda akaipokea, nikamsikia akisema ndiyo mama, ndiyo, ni kweli, kisha akasikiliza, akakata, na ikaita tena.

Yusta alikuwa bado sakafuni. Hakuniuliza kwa nini. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi, na ningelipokea. Aliuliza jambo moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza saa.

"Jumanne ile ya kwanza, kama ungesema, angepata ngapi?"

Osmundi alishanihesabia siku ileile, kwenye kipande cha karatasi, kabla sijabonyeza marudio. Nilikuwa nacho mfukoni mwa gauni wiki nzima.

"Kumi na saba," nikamwambia.

*

Waliniachia Ijumaa kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Barua ya kunisimamisha kazi ilikuwa inaanza Jumatatu, na kwa utaratibu mtoto hushikwa na mpimaji wake, mama haruhusiwi chumba cha kofia. Nilimwambia Yusta kwamba naweza kumwomba Osmundi amshike badala yangu. Alikataa. Alimtoa mtoto mgongoni mwenyewe, akamvua sweta, akanikabidhi, akaniambia nimshike mimi ili nione.

Lukelo alikuwa mkavu mikononi mwangu kama gogo. Aliificha mikono kifuani. Nilimvalisha kofia, nikakaza kamba, nikamwimbia kitu, sikumbuki nini. Mkono wa kulia unatakiwa ulale wazi juu ya mto ili ionekane umeshaachia. Ikabidi niutoe kwa nguvu, na nilipokuwa nauweka, vidole vyake vikakamata dole gumba langu. Vilishika kweli. Wanaosema mkono wa mtindio hauna nguvu hawajashikwa nao.

Nikamwachia alishike. Kofia ikaanza kunguruma kidogo, na yeye akanitazama usoni, akiona labda huu nao ni mchezo. Dakika ya kumi na mbili kidole kidogo kikaachia. Kikafuata cha pete, kisha cha kati. Kidole cha shahada kilikaa mpaka dakika ya thelathini, kikilegea na kukaza, kikilegea na kukaza. Dole gumba lilikuwa la mwisho. Niliendelea kukaa vilevile, mkono wangu ndani ya wake, mpaka taa ya kofia ikazimika, kisha nikamwita Yusta aje amchukue.